Amplifaya ya Kumsikia Mama

Jana niliwasha amplifaya iliyokaa siku nyingi bila kutumika. Harufu ya vumbi lililopata moto ikanirudisha kwa fundi redio, siku ya gulio, nikiwa darasa la pili. Baba, ambaye nyumbani tulimwita tata, alikuwa amefunga spika zetu mbili kwenye baiskeli na kuisukuma kutoka kijijini kwetu Kiruruma.

"Spika hizi ni ndogo, mzee," fundi alisema. "Amplifaya yenye nguvu sana itazipasua. Chukua hii ya wastani."

Tata alitoa mfukoni kanda ya kwaya ya kanisani, iliyorekodiwa mama akiwa hai na akiimba humo, akaomba amplifaya zote tatu zilizokuwa mezani kwa fundi zijaribiwe kwa kanda hiyo. Ya tatu ilitoa sauti safi za wanawake wengi.

"Unamsikia?" akaniuliza.

Sikumsikia. Nilikuwa nimeisahau sauti ya mama, na niliona aibu kusema.

"Ndiyo, tata. Namsikia."

Akainunua. Njiani aliimba besi taratibu, mara ya kwanza tangu mazishi. Mimi nilitembea nyuma ya baiskeli, nikizishikilia spika.