Sikio la Kushoto la Afisa Taaluma

Afisa taaluma wa wilaya alikuwa na sikio moja tu linalofanya kazi, la kulia. La kushoto liliuawa na dada yake. Walikuwa yatima, dada ni mkubwa kwake kwa miaka mingi, na ndiye aliyemfundisha hesabu, jikoni, kwa makofi. Siku alipokwama kwenye saba mara nane, kofi lilitua vibaya. Damu ikachuruzika sikioni mpaka kwenye kola, na mtoto akasema taratibu, "Hamsini na sita."

Hakuisahau tena. Dada naye hakuisahau. Ila dada alitoka jikoni mle ameapa kwamba hatamgusa tena mtoto wa mtu, na mdogo wake akatoka na falsafa ya elimu.

Falsafa hiyo ilimpandisha cheo haraka. Akiwa mwalimu alichapa mpaka ua wa shule ukabaki kipara kwa kukatwa fimbo. Wakubwa wakasema huyu kijana ana msimamo, wakampa wilaya nzima. Walimu wakampa jina: Rungu.

Kila mwaka, mtihani wa majaribio ukishasahihishwa, Rungu huwaita wakuu wa shule ukumbini kufanya tathmini. Wanakaa kuizunguka meza kwa mpangilio wa matokeo: shule ya kwanza mkono wake wa kulia, na kuendelea hivyo hadi ya mwisho, mkono wa kushoto. Kwa hiyo malalamiko yote ya walioshindwa hufikia sikio lililokufa na kuzikwa hapo hapo. Jumatatu inayofuata Rungu huenda mwenyewe kwenye shule ya mwisho, akawachapa wote waliofanya mtihani, mmoja mmoja, wenzao wakitazama. Yeye huita hilo kupandisha ufaulu. Kuna binti alipandishwa ufaulu mpaka kidole kikavunjika.

Mwaka huu kiti cha kushoto alikikalia dada yake, naye pia mkuu wa shule.

Fimbo mpya zilikuwa zimeegemezwa kwenye kona, zimefungwa kama kuni. Dada alizitazama, akawaza vidole vya watoto wake.

"Mtihani umeuliza ratili na wakia," alisema. "Mtaala mpya umeviondoa vipimo hivyo vya kizamani. Watoto wangu wanajua kilo. Hizo ratili hawajazisikia hata kwenye ndoto."

Rungu alifunua karatasi yake. "Hesabu wamefeli karibu darasa zima," akautangazia ukumbi. "Jumatatu niko kwako, dada. Undugu tuuache nje."

"Nimesema mtihani ni wa mtaala uliofutwa."

"Na wavae sare kamili."

Dada akabeba kiti chake, akaizunguka meza. Upande wa kulia alikaa mkuu wa shule ya kwanza, bwana mmoja kitambi mbele, ambaye watu humwita Asilimia na yeye hufurahi.

"Sogea kidogo, mwanangu," dada akamwambia. "Nina neno na mdogo wangu."

"Mama, huku watu wanakaa kwa jasho lao. Rudi ukakae na sifuri zako."

Asilimia akamsukuma kwa kiwiko, kiwiko kikampata dada mdomoni, mdomo ukapasuka. Dada aliweka mguu wa kiti juu ya kidole gumba cha mguu wa Asilimia, halafu akaketi kwa uzito wake wote. Kikasikika kitu kama karanga inapomenywa. Asilimia akapiga ukelele wa filimbi. Mkuu wa shule ya pili akarusha ngumi kutetea mpangilio, ikamkuta wa tatu, puani. Katikati ya vurugu hiyo dada, damu ikimtiririka kidevuni, aliinamia sikio la kulia.

"Hayo maswali ya ratili umeyatoa wapi?"

Rungu akafikiri. "Mtihani wa mwaka jana," akajibu kwa uaminifu kabisa. "Huwa nayatoa mwaka jana."

Asilimia, ameshika kidole chake, akaanza kucheka huku akilia. "Nani hajui kama unanakili? Sisi tunakariri mitihani yako ya zamani tu. Mtaala mpya kwangu umeshikilia kabati lililovunjika mguu."

Meza nzima ikaangua kicheko. Shule iliyofundisha ilichoagizwa ilikuwa moja tu, nayo ndiyo iliyoshika mkia.

"Basi futa matokeo," dada akasema. "Watoto wasiguswe."

"Matokeo ni matokeo. Na fimbo zimeshakatwa."

Rungu angeishia hapo angelala salama. Lakini kile kicheko kilimchoma. Alichomoa fimbo kwenye fungu, akamchapa Asilimia usoni, mstari mmoja kutoka jicho hadi kidevu, ngozi ikafunguka kama zipu.

Kicheko kikakatika. Kila mtu mle ndani alikuwa na mwaka wake: mwaka aliokalia kiti cha kushoto, kisha akasimama kwenye uwanja wa shule yake akisikiliza watoto wakilia. Mmoja akainuka, akaenda kwenye kona, akachukua fimbo. Wa pili akamfuata. Hawakugombana. Walipanga foleni kama walimu.

Wakampandisha ufaulu. Shati lilikwenda kwanza, kisha ngozi. Meno mawili yalianguka juu ya karatasi ya matokeo. Dada alipiga kelele waache, hawakuacha, akajitupa juu yake, akala za kwake begani na shingoni. Waliacha fimbo zilipokwisha, vipande vyote vikiwa vifupi kuliko penseli.

Jioni ile Rungu alikuwa amelala kifudifudi sebuleni kwa dada, mgongo umekuwa nyama ya buchani. Dada alishika kitambaa na beseni la maji ya uvuguvugu, na hakumgusa.

"Piga simu ofisini kwanza."

"Nikifuta nitachekwa wilaya nzima."

"Basi lala hivyo hivyo. Nzi watakusafisha."

Akapiga. Alifuta matokeo ya wilaya kwa midomo iliyovimba, akarudia mara ya pili kwa sababu karani alidhani ni mlevi.

Dada akalowesha kitambaa. Alipofika shingoni, Rungu akauliza, "Wote walinichapa. Wewe mbona hukunichapa?"

"Zako nilishakupa zamani," dada akasema. Akamgeuza kichwa polepole, akaanza kumfuta damu sikioni, lile la kushoto.