Fundi wa Bonsai Niliyemtunga Mwenyewe

Mwanangu, kuna jioni moja kijijini kwetu Ngao, kando ya mto, ambayo hadi leo nikiikumbuka naona aibu. Nilikuwa kijana, nimeanza kuandika hadithi, na kichwa kimenivimba. Katika gazeti kuukuu nilikuwa nimeona picha za bonsai, ile miti ya Wajapani inayokatwa mizizi na kufungwa waya ibaki midogo ndani ya chungu. Basi nikatunga fundi wa kwetu, nikamwita Komora, mzee mkimya anayefunga mikwaju waya nyuma ya nyumba yake. Na kila anapokaza waya, mtoto mmoja kijijini anaacha kukua.

Niliisoma hadithi ile kwenye kibanda cha chai. Nilipomaliza, Jilo, jirani yangu ambaye mwanawe alikuwa mdogo kuliko umri wake, akaniuliza, "Huyo Komora anakaa wapi?"

"Hakai popote. Nimemtunga."

"Mtu hatungi kitu kama hicho. Kuna uliyemwona."

Nikacheka tu, nikamwacha na shaka yake. Ukweli ni kwamba nilipenda nionekane mtu anayejua siri.

Wiki haikuisha, maneno ya Jilo yakaenea na macho yote yakamgeukia Mama Eliza, mjane aliyehamia kwetu kutoka Idsowe baada ya mafuriko. Mlangoni pake alikuwa na mkwaju mdogo ndani ya mkebe wa mafuta, na mkebe una waya. Watoto wakakatazwa kupita pale. Mtoni wanawake wakimwona wanachota haraka, haoo, wanaondoka.

Na mimi je? Mimi niliyemzaa Komora kwa kalamu yangu nikaanza kumchungulia yule mama. Mbona mti wake haukui? Mbona anaumwagilia jua likishazama? Nikasema moyoni, huenda kweli nilihisi kitu. Ebu fikiria, mtu kuogopa uongo wake mwenyewe!

Asubuhi moja nikasikia vijana wamepanga kumfukuza na kumchomea nyumba. Hapo nikashtuka. Nikakimbia kwake, nikamkuta anafunga mizigo. Ndipo nikamuuliza, kwa mara ya kwanza, ule waya ni wa nini.

"Wa kubebea," akasema. "Maji yalichukua shamba lote. Huu ndio mche uliobaki wa miti ya marehemu mume wangu. Mto ukifurika tena, niubebe nikimbie nao."

Nikapiga magoti, nikakiri kuwa Komora nilimtunga tu, nikamwambia nitakwenda kuwaeleza wote. Akanitazama.

"Jilo alimwogopea mtoto wake, na hakujua kuwa ni hadithi tu. Wewe ulijua, kijana wangu."

Nilikwenda nikawaeleza. Jilo aliinamisha kichwa, na vijana wakaacha mpango wao. Niliporudi, nyumba ilikuwa tupu. Mama Eliza alikuwa amepanda gari la Garsen kwenda kwa binti yake, na Ngao hakukanyaga tena.

Mwanangu, wewe leo una simu. Hadithi yako inafika Kilelengwani kabla chai haijapoa. Tunga upendavyo, hata watu wabaya watunge, sikukatazi. Lakini mtu akikuuliza kama ni kweli, mjibu mpaka aridhike, hata kama sifa zako zitapungua. Na ukimshuku jirani, piga hodi umuulize mwenyewe, tena mapema, si siku anayofunga mizigo.

Mungu akubarikie kalamu yako, akupe moyo usio mwepesi wa kushuku, na asiwepo mtu atakayehama kwao kwa sababu ya maneno yako. Amina.