Jaji, Wigi na Mbuzi

Kila asubuhi jaji huingia mahakamani, akakiinamia kiti chake kitupu kwa heshima, kisha akaenda kukikalia. Karani Penrose ameshazoea. Jaji huyo alishuka melini hapa Otago, koloni la wachimba dhahabu ng'ambo ya bahari, akiwa wakili kutoka Ireland. Akawa mbunge, akatunga sheria kwamba mfugo utakaokutwa barabarani uchinjwe, nyama iende hospitali. Sasa ndiye anayehukumu kwa sheria hiyo. Jumatatu polisi walileta mbuzi wake mwenyewe, aliyekutwa barabarani akitafuna bango kuukuu la kampeni ya bwana wake.

Jaji alivua wigi lake la singa za farasi, akaliweka kitini, akashuka kizimbani. “Mheshimiwa,” akaliambia wigi, “huyu nimesafiri naye miezi mitatu baharini. Maziwa yake ndiyo yaliyonifikisha hai.” Alijitetea nusu saa nzima. Kisha akapanda, akavaa wigi, akasoma hukumu bila kumtazama mbuzi: achinjwe. Mchana Penrose alimkuta uani akimlisha mbuzi majani ya kabichi. “Si ungemsamehe tu, mzee wangu?” Jaji akatikisa kichwa. “Nilimweleza kila kitu,” alisema. “Yule bwana hasikii.”