Mpigaji Aliyengoja Jua Litue

Mmiliki wa timu yetu ana duka la vifaa vya ujenzi mjini Kisii, na ndiyo sababu msimu wetu wa kwanza ulianza na mabati. Nilimpigia simu kumwambia kwamba wachezaji wanahitaji bati kumi na mbili. Alisema hilo ni jambo dogo. Asubuhi iliyofuata pikapu ilifika uwanjani ikiwa imebeba mabati kumi na mawili ya kuezekea, mapya, pamoja na paketi za misumari. Nikampigia tena.

"Si ulisema bati?" akauliza.

"Bati la kupigia mpira."

"Basi hizo ezekeni choo," akasema, na simu ikakatika.

Tuliezekea chumba cha kubadilishia nguo. Kuanzia siku hiyo kifaa cha kupigia mpira kiliitwa gongo katika timu yetu, hata na wachezaji wetu wawili waliotoka Uganda.

Ilikuwa timu ya kriketi ya wanawake, ya kulipwa, mojawapo ya timu sita za ligi mpya. Kila timu ilikuwa na mmiliki wake, na wamiliki waliwapata wachezaji kwa mnada. Neno hilo liliwachekesha wasichana wa kwetu, kwa kuwa mnada waliokuwa wakiujua ni ule wa ng'ombe. Siku ile nilimsikia mmoja akimwuliza mwenzake kama naye ameshaangaliwa meno.

Mimi nilikuwa meneja wa kikosi. Kwa miaka mingi nilikuwa nimefanya kazi kwenye kituo cha kununulia majani chai huko Nyamira, na jioni, majani yakishaondoka kwenda kiwandani, niliwafundisha wasichana kriketi katika kiwanja cha shule jirani. Mchezo wenyewe nilijifunza kutoka kitabu cha sheria nilichokinunua soko la Daraja Mbili, kwenye rundo la vitabu vya mitumba, kikiwa hakina jalada. Nilikisoma polepole, sheria moja kwa wiki, na sikwenda kwenye sheria ya pili kabla ya kuijaribu ya kwanza uwanjani. Mmiliki alipotafuta mtu wa kusimamia timu aliambiwa kuna mzee Nyamira anayewafundisha watoto mchezo wa Wahindi. Alikuja mwenyewe, akatazama mazoezi kwa nusu saa, akaniajiri.

Kati ya wachezaji niliowafundisha, mmoja tu ndiye aliyenunuliwa msimu huo wa kwanza. Ni mama wa watoto wawili, mkulima wa chai, na anapiga kwa mkono wa kushoto. Mpira akiupiga hauendi juu. Unapita chini, kwa kasi, katikati ya watu wawili, na wote wawili wanabaki wakitazamana. Nyuma yake walikuwapo wasichana wengine watatu, wadogo kwake kwa umri, ambao kwa maoni yangu walikuwa tayari kwa ligi. Wote wanne ni Wasabato. Tangu jua la Ijumaa linapotua hadi jua la Jumamosi litue hawafanyi kazi, na kucheza kriketi kwa malipo ni kazi. Hilo hatukuwahi kubishania. Nilimweleza mmiliki kabla ya mnada, naye akasema mechi nyingi ni za Jumapili na katikati ya wiki.

Mechi ya kwanza tulishindwa vibaya. Ya pili tulishindwa kidogo, na kapteni akasema hayo ni maendeleo. Kapteni wetu alikuwa mlinda wiketi, yule anayesimama nyuma ya vile vijiti vitatu kudaka mipira. Alikuwa mzaliwa wa upande wa ziwa, karani wa benki mjini Kisii, na maneno yake yalikuwa na pilipili. Mechi ya tatu mpigaji wetu wa Nyamira alibaki uwanjani tangu mwanzo hadi mwisho, tukashinda, na baada ya hapo tulikuwa timu nyingine. Warushaji wetu wawili wa Uganda walielewa udongo wetu, kwamba mvua ya mchana ikishapita mpira hauruki, unateleza. Tulianza kushinda nyumbani, kisha ugenini. Wauza ndizi walifunga biashara mapema ili waje kutazama. Mwanzoni walishangilia kila mpira ulioruka juu, hata ukidakwa na adui. Kufikia katikati ya msimu walikuwa wakibishana na mwamuzi.

Jumamosi tulicheza bila mpigaji wetu wa Nyamira, na mara nyingi Jumamosi ndizo tulizopoteza. Mmiliki aliliona hilo kama mtu aonavyo gunia linalovuja. Tulipofuzu kwa fainali, na fainali ikapangwa Jumamosi saa kumi jioni katika uwanja wetu kando ya barabara ya Suneka, aliniita mimi na kapteni dukani.

"Mimi sipigani na kanisa ya mtu," akasema. "Lakini nimelipa mchezaji msimu mzima, na siku ya kikombe hayuko. Tukikosa hii kikombe, mwaka ujao sinunui Msabato hata mmoja. Na hao wasichana watatu wa mzee, wabaki tu Nyamira wakichuma majani."

Kapteni alinitazama. Tulikuwa tumeshalizungumza jambo hilo njiani.

"Tutamwandika kwenye kumi na moja," akasema.

"Mtu hayuko, mnamwandika aje?"

Nikamweleza sheria. Jina la mchezaji linaweza kuandikwa hata kama hajafika. Wakati wa kulinda uwanja, mchezaji wa akiba anashika nafasi yake. Wakati wa kupiga, aliyechelewa hawezi kuingia hadi alipie muda aliokosa kwa kungoja nje, isipokuwa timu yake ikiwa imeshapoteza wiketi tano, yaani wapigaji watano wameshatolewa. Hapo anaingia mara moja. Tukipiga wa pili, na jua likitua kabla ya mwisho, angeweza kupata ova chache za mwisho, na kila ova ni mipira sita.

"Kwa hivyo mnaenda fainali mkiwa kumi," mmiliki akasema.

"Kumi na nusu," kapteni akajibu.

Aliwaza. "Sawa. Lakini mkipoteza, mlango mmeufunga nyinyi, si mimi."

Nilipompelekea mpigaji habari hiyo alikuwa shambani. Alinisikiliza hadi mwisho bila kuacha kuchuma.

"Tata, nitakuja Sabato ikifungwa," akasema, akiniita baba kwa Kikisii kama alivyozoea. "Si dakika moja mbele."

Jumamosi kapteni alishinda kura ya sarafu akachagua kulinda kwanza. Wapinzani walipiga vizuri, wakaweka idadi kubwa ya mikimbio, ambayo ndiyo pointi za kriketi, lakini si ya kukatisha tamaa. Zamu yetu ilipoanza nilivuka barabara na gari hadi kwenye kanisa la Wasabato linalotazamana na uwanja. Mfuko wa vifaa vya mpigaji wetu ulikuwa kwenye buti. Waumini walikuwa wamekaa nje kwenye mabenchi, na yeye alikuwa miongoni mwao katika nguo zake za kanisani, mama yake mzazi kando yake. Mama huyo alikuwa mkuu wa mashemasi, na yeye ndiye aliyekuwa akiongoza ibada ya kufunga Sabato. Mimi ni Mkatoliki, kwa hiyo nilibaki langoni.

Kutoka pale uwanja ulisikika lakini haukuonekana. Kelele ilikuwa mikimbio. Kimya kilikuwa wiketi yetu. Nilijikuta katika hali ya ajabu, kwa maana nilihitaji kimya cha tano ili mtu wangu aruhusiwe, na kila kimya kilitusogeza karibu na kushindwa. Kilikuja cha kwanza, cha pili, kisha viwili karibu karibu. Cha tano kilipokuja sikujua nifurahi au nihuzunike.

Muda si mrefu kapteni alitokea akivuka barabara, kavaa pedi zake za miguuni, kofia ya chuma mkononi. Yeye ndiye aliyekuwa ametolewa wa tano.

"Mzee, tano zimeenda," akasema akihema. "Sheria imemfungulia. Na jua imetua, angalia mwenyewe."

Ilikuwa kweli kwamba kivuli kilikuwa kimefunika uwanja, kanisa na barabara. Upande wetu wa magharibi kuna kilima, na jua huingia nyuma yake mapema. Lakini mbingu juu ya kilima ilikuwa bado nyeupe. Mama mzazi alimsikia akasogea hadi langoni.

"Jua haijatua, mwanangu," akasema. "Imejificha tu nyuma ya kilima. Ukipanda pale juu utaiona."

"Sasa mama, nipande kilima na hizi pedi?"

"Panda. Ukiiona, utusalimie."

Wanawake kwenye mabenchi walicheka. Kapteni mwenyewe alicheka, kisha akakumbuka alichokuja kufanya.

"Mama, tafadhali. Hao watu wanatumaliza."

"Kalenda ya kanisa ina saa yake. Tukifuata kilima, walio bondeni watafunga Sabato saa kumi na walio juu watafunga usiku. Tutakuwa na Sabato ngapi?"

Ni hoja ambayo ningeitoa mwenyewe. Mpigaji alikuwa bado ameketi, mikono mapajani, macho kwenye nyasi. Hakuonekana kuwa na wasiwasi, ila mguu wake mmoja ulikuwa ukigonga ardhi taratibu.

"Kapteni," akasema, "rudi uwaambie wapige chini chini. Wasitafute sifa. Nakuja."

Kapteni alirudi mbio. Kimya cha sita kikaja, kisha cha saba. Mama mzazi alitazama saa yake, akawasimamisha watu, wakaimba. Wimbo ulikuwa na beti nne, na waliziimba zote. Ikabaki sala, na mama huyo alijulikana katika eneo zima kwa sala ndefu. Nilivua kofia nikajiandaa. Alishukuru kwa siku iliyopita, akaikabidhi wiki mpya na binti yake mikononi mwa Mungu, akasema amina. Nadhani nusu ya waumini walikuwa bado wanafumba macho.

Mpigaji hakukimbia. Alitembea kwa haraka hadi kwenye gari, akavaa suruali ya timu chini ya sketi, akavua sketi akampa mama yake, akafunga pedi nami nikimshikia kofia. Tulipofika ukingoni mwa uwanja taa zilikuwa zimewashwa na wiketi ya nane ilikuwa imeanguka dakika hiyo hiyo. Tulihitaji mikimbio kumi na tisa, na ilibaki mipira kumi na mmoja. Mwamuzi alimtazama kapteni, kapteni akainua vidole vinane, mwamuzi akaitikia kwa kichwa, na mpigaji wetu akaingia.

Hapo ndipo nilipoona faida ambayo hatukuwa tumeipanga. Jioni yote warushaji wao walikuwa wamewarushia watu wa mkono wa kulia. Alipoingia wa kushoto, walinzi wote iliwabidi wahame, na mrushaji aanze kutafuta mstari upya mbele ya uwanja uliojaa. Mpira wa kwanza aliuzuia tu. Wa pili ulikuja upande wa miguu yake, akapiga goti akaufagia nyuma, ukagonga ukuta wa tope ulio mpaka wa uwanja. Mikimbio minne. Mrushaji wetu wa Uganda, mwenzake wa kupiga upande wa pili, alimwita wakimbie kila nafasi iliyopatikana. Lugha yao ya pamoja ilikuwa Kiswahili, na walitumia maneno yake matatu tu: njoo, ngoja, mbili.

Niligeuka nikaona waumini wamevuka barabara. Walikuwa wamejipanga kando ya ua wakiwa na nguo za kwaya, na mmoja aliniuliza wanatakiwa kushangilia wakati gani. Nikamwambia asubiri wauza ndizi waanze.

Ova ya mwisho tulihitaji mikimbio tisa. Alipata mbili kwa mpira uliopita pembeni, kisha moja. Mwenzake akapata moja, akamrudishia nafasi. Mpira wa nne ulikuwa mfupi, akausubiri hadi karibu sana, akaukata katikati ya walinzi wawili, na kama kawaida yao wote wawili wakabaki wakitazamana. Nne. Ikabaki moja na mipira miwili. Kapteni alikuwa ameketi chini kando yangu, amejifunika uso kwa glavu.

"Niambie tu, mzee," akasema. "Mimi siangalii."

Mpigaji aliugusa mpira ukaanguka miguuni pake, akaita njoo, wakapishana. Mlinzi aliokota akarusha, akakosa vijiti kwa mbali, na mpira ukaendelea kuviringika hadi kwenye ua, ambako shemasi mkuu, mama wa mpigaji, aliuzuia kwa kiatu chake cha kanisani.

"Tumeshinda," nikamwambia kapteni.

"Rudia."

Nikarudia. Alikuwa tayari ametoka mbio.

Sijawahi kusikia Suneka hivyo. Bodaboda zilipiga honi barabarani, malori ya mmiliki yakazijibu, na kwaya, ambayo sasa ilikuwa huru kabisa na usiku wake, iliimba wimbo ambao haukuwa wa kriketi lakini ulifaa. Walimbeba mpigaji wetu mabegani hadi kwenye kikombe. Mama yake alitembea kando, ameishika ile sketi mkononi, akiwaambia wamshushe polepole.

Mmiliki alinikuta nikikusanya vijiti.

"Hao wasichana watatu wa Nyamira. Wanaweza kuja dukani lini?"

"Siku yoyote isipokuwa Jumamosi."

"Hiyo nimeshaelewa. Na mwaka ujao nitaambia ligi fainali iwe Jumapili."

"Jumapili kapteni ana misa," nikasema. "Na mimi pia."

Alinitazama kuona kama ninamtania. Sikuwa ninamtania.

"Misa inaisha saa ngapi?"

"Saa sita."

"Basi tutaanza saa nane," akasema, akaokota kijiti kilichobaki akanipa.

Wasichana walikuja Jumatano, wote watatu, wakatia sahihi juu ya mifuko ya saruji kwa kuwa meza ilikuwa imejaa makufuli. Mmiliki aliwauliza kama kuna kitu chochote wanachohitaji. Mdogo wao akasema wanahitaji magongo.