Trekta Nyekundu ya Maoni

Jina la Maoni alipewa na watu wa sokoni, msimu ule alipokuwa akitafuta trekta. Kabla ya hapo alikuwa mtunza stoo wa shule ya bweni, mtu wa kupima mchele mara mbili na kugonga debe la mafuta kwa kidole kabla ya kulipokea. Hakuna gunia lililowahi kumpita likiwa na mawe ndani. Alipostaafu alirudi kwenye shamba la marehemu baba yake, na ile tabia ya stoo akarudi nayo.

Shamba lilikuwa limegawanywa kati ya ndugu wawili. Kaka yake, kwa kuwa ndiye mkubwa, alichagua kwanza, akachukua tambarare ya chini iliyopakana na barabara. Maoni akabakiwa na mteremko. Siku ya kugawana alinyamaza. Alikuja kusema baadaye, kwa maneno ambayo mdogo hapaswi kumwambia mkubwa wake, na kaka naye akayajibu kwa maneno ambayo mkubwa hapaswi kuyatamka. Tangu hapo wakawa watu wa kupeana mikono misibani. Wake zao lakini waliendelea kuchota maji kwenye bomba moja na kuazimana chumvi, kana kwamba ugomvi ule ulikuwa mvua iliyonyesha kwa majirani.

Mke wa Maoni alikuwa fundi cherehani. Cherehani yake ilikaa chumba cha mbele, chini ya dirisha, na wanawake walitoka mbali kumletea vitambaa vya harusi, kwa sababu mkono wa gauni alioukata yeye ulikaa begani kama umezaliwa hapo. Alikata bila kuchora. Aliupitisha mkasi kwenye kitambaa huku anazungumza na mteja, na mteja ndiye aliyekuwa na wasiwasi.

Maoni alitaka trekta ndogo ya dizeli, iliyotumika, ya kulima mteremko na kushusha viazi hadi barabarani. Mpya ilikuwa juu ya uwezo wake. Basi akaanza kuzunguka kwa wenye trekta, akiuliza kila mmoja maoni yake kuhusu mashine aliyonayo. Mfuga ng'ombe wa maziwa alimwambia aangalie moshi.

"Ukiona mweupe, ondoka. Ukiona mweusi, mnaweza kuzungumza. Na ukifika ukakuta injini tayari ina joto, muulize mwenyewe kwa nini ameiamsha mapema. Huenda asubuhi huwa haiamki."

Mwalimu mstaafu alimwambia trekta yake haijawahi kumsumbua hata siku moja. Aliyasema hayo akiwa ameiegemea, nayo imeinuliwa juu ya matofali, haina magurudumu, kuku wametaga kwenye kiti. Mkandarasi wa mitaro akamwambia asitazame rangi wala matairi, aulize spea zinapatikana wapi. Kila mmoja alisifu ya kwake. Aliyekuwa na ya bluu aliona nyekundu ni bati tupu, na aliyekuwa na nyekundu aliionea ya bluu huruma.

Mwanamke mmoja mjane, mwenye kitalu cha miche, ndiye aliyesema neno tofauti.

"Mimi usiniulize. Mtu aliyenunua kitu kwa jasho lake hawezi kukisema vibaya, atakuwa anajisema mwenyewe. Mtafute aliyeiuza. Yeye keshaachana nayo, hana cha kuficha."

Maoni alikubali kwa kichwa. Alikuwa amekuja kuuliza habari za haidroliki, na hilo akaliona ni la pembeni.

Jioni moja, akiwa anakula, mkewe alimwambia, "Baba watoto, wenye trekta wote umewamaliza. Amebaki wa karibu."

Alimaanisha kaka. Kaka alikuwa amelima kwa trekta ndogo kwa miaka kadhaa, kisha akaiuza na kununua kubwa zaidi.

"Yule nimuulize nini?" Maoni alisema. "Yeye amelima sinia. Mimi nalima ukuta."

Mkewe alicheka kidogo, akaondoa sahani.

Hatimaye trekta ilipatikana kwa dalali mmoja wa mjini. Ilikuwa nyekundu, rangi inang'aa. Maoni aliamka alfajiri ili aikute injini ikiwa baridi, akaipata baridi. Ikawaka kwa jaribio la kwanza. Moshi haukuwa na tatizo. Alichomoa kijiti cha oili, akakinusa, akalala chini ya tumbo la mashine akiwa na tochi, akatoka na vumbi hadi kwenye nyusi. Aliiendesha mbele na nyuma kwenye uwanja wa dalali, na uwanja ule ulikuwa sawa kama meza. Alipomuuliza dalali ilikuwa ya nani, dalali alisema mwenyewe kahamia mbali. Maoni akaridhika. Alirudi nyumbani ameketi juu yake, na watu wa sokoni wakampigia makofi, maana walikuwa wamechoka kuulizwa.

Kaka aliijua trekta ile kabla hajaiona. Alikuwa kwenye tambarare yake akipalilia, akasikia mlio ukipanda barabarani, akasimama. Rangi ilikuwa mpya, lakini chini ya kiti kulikuwa na mshono wa kuchomelea alioufanya yeye mwenyewe. Alikuwa ameiuza ikiwa ya bluu.

Siku iliyofuata mke wa kaka alimkuta Maoni karibu na bomba la maji.

"Shemeji, kaka yako ananituma. Anasema trekta hiyo ilikuwa ya kwake. Anasema gia ya pili inaruka ikiwa inashuka na mzigo. Ushuke na ya kwanza, au uipeleke kwa fundi aifungue."

Damu ilimpanda Maoni hadi masikioni. Aliyezunguka kwa watu wote ili asidanganywe, amenunua masalia ya kaka yake.

"Mwambie ahsante," alisema. "Nimesikia."

Hakuwa amesikia. Moyoni alijiambia ni wivu: kala tambarare, sasa hata chuma anamwonea kijicho. Nyumbani hakutaja kitu. Mkewe alipomuuliza mke wa kaka alikuwa na habari gani pale bombani, alijibu kwamba walikuwa wanasalimiana tu.

Na trekta ikalima. Ililima vizuri hasa, na kila siku iliyopita bila gia kuruka Maoni aliihesabu kuwa ushahidi dhidi ya kaka yake. Wakati huo alikuwa anapanda mteremko bila mzigo na kushuka bila mzigo.

Viazi vilipokomaa, alipakia tela hadi juu. Mkewe alikuwa anataka kwenda barabarani kupokea kitambaa kutoka kwa mteja, akasema atashuka naye. Akapanda kwenye madigadi ya kulia, juu ya gurudumu, mkono mmoja ameshika nyuma ya kiti cha mumewe. Kulikuwa na jua zuri, na walikuwa wanazungumza kuhusu binti yao aliyekuwa karibu kujifungua.

Katikati ya mteremko gia ya pili ikaruka. Kulisikika kishindo kidogo, kama mlango unaofungwa na upepo, kisha injini ikalia bure na trekta ikaanza kuserereka. Maoni alikanyaga breki. Tela lenye viazi likaisukuma kwa nyuma, likajikunja, trekta ikageuka ubavu na kugonga ukingo wa mtaro. Haikupinduka. Maoni alibaki kwenye kiti chake, mikono kwenye usukani, mzima. Mkewe alikuwa chini kwenye mawe, amelalia mkono wake wa kulia.

Wa kwanza kufika alikuwa kaka. Alikuja mbio akivuka mpaka, akavua shati, akaufunga ule mkono kwa vipande viwili vya mti, akamwinua shemeji yake na kumpeleka kwenye gari lake. Maoni alifuata nyuma kama mtu anayeongozwa.

Hospitalini walikaa kwenye benchi la korido ndefu iliyopigwa dawa ya sakafu. Walikuwa hawajakaa bega kwa bega hivyo tangu walipomzika baba yao. Kaka alikuwa na fulana tu, na ilikuwa na damu.

"Niliambiwa," Maoni alisema.

"Najua uliambiwa. Nilimtuma mimi." Kaka aliitazama mikono yake. "Ningeweza kuja mwenyewe, mdogo wangu. Kutoka kwangu hadi kwako ni kuvuka tuta. Nilimtuma mke wangu kwa sababu nilijua utakataa, na nilitaka ukatae. Nilitaka ikukwamie shambani, uje unipigie hodi. Sikufikiria mbali zaidi ya hapo."



"Angeniambia mtu mwingine yeyote, kaka, ningeipeleka kwa fundi kesho yake," Maoni alisema. "Hata mlevi angeniambia."

Hawakuombana msamaha. Muuguzi alipotoka kumwita mume wa mgonjwa, waliinuka wote wawili.

Mke alikuja kujua habari ya ule ujumbe kwa mke wa kaka, aliyekuwa akimletea uji wodini na kudhani mwenzake anaijua tayari. Maoni alipoingia alimkuta ametazama dirishani, mkono umefungwa plasta hadi kwenye kiwiko.

"Ulijua?" alimuuliza.

"Niliambiwa."

"Basi ungeniambia na mimi. Ningeshuka kwa miguu. Nisingekulaumu, ningeshuka tu kwa miguu."

Hilo ndilo neno pekee alilowahi kusema kuhusu jambo lile, na Maoni angeona heri angemtukana.

Watu walianza kuitaja ile methali ya asiyesikia la mkuu, wakaishia njiani, maana aliyevunjika hakuwa yeye. Fundi aliifungua giaboksi, akakuta meno yameliwa, akabadilisha. Ilikuwa kazi ya asubuhi moja. Tangu hapo trekta haijawahi kukosea. Kaka humlimia Maoni sehemu za juu kwa ile yake kubwa, na Maoni hushusha mazao ya wote wawili, kwa gia ya kwanza, peke yake. Wanazungumza kuhusu mbegu na mvua. Kuhusu mengine wamechelewa, kila mmoja anamwonea mwenzake aibu, na aibu ya wazee wawili haina njia rahisi ya kutokea.

Mkono ulipona ukiwa umepinda. Vidole viwili haviwezi kujikunja vizuri kuushika mkasi. Mkewe alijaribu wa kushoto, akaharibu kitambaa cha mteja, akakilipia, hakujaribu tena. Siku hizi anapokea kazi ndogo za kupunguza pindo.

Mwezi uliopita alikuja msichana mwenye kitambaa cha harusi. Alikuwa hajasikia. Maoni alikuwa chumba cha pili akifunga magunia, akamsikia mkewe anakikunjua kile kitambaa, anakisifia, anamuuliza msichana habari za bwana harusi, kisha anamwelekeza kwa fundi mwingine upande wa pili wa soko. Msichana aliaga. Maoni akasogea hadi mlangoni, akasimama.

"Kaa basi," mkewe alisema, "usisimame hapo kama mgeni."

Akakaa kwenye stuli ya wateja. Mkewe alikuwa bado anaitazama njia aliyopita msichana. Akaanza kueleza jinsi kitambaa kile kilivyopaswa kukatwa: laini namna ile kinateleza, kwa hiyo bega lishushwe kidogo, na mkono wa gauni ukatwe mshazari ili usivute. Alionyesha hewani kwa mkono wa kushoto. Maoni hakuelewa hata nusu yake. Alisikiliza mpaka mwisho.