Nzi wa Maua na Shamba la Mzee wa Bangwe

Siku yangu ya kwanza kazini nilikabidhiwa wavu wa kitambaa na chupa yenye dawa, nikaambiwa nikakamate nzi. Nilicheka peke yangu. Nimesoma mpaka kidato cha nne, leo nikimbizane na nzi! Bwana Mtafiti, mkubwa wangu, hakucheka. Alinionyesha nzi wa maua: ana mistari ya njano kama nyigu ila hadungi, na huelea hewani papo hapo juu ya ua. Wapo ambao funza wao hukulia kwenye maji yanayotuama ndani ya mashimo ya miti mizee. Ukiwakosa hao, alisema, jua msitu ule si wa zamani, hata ukiwa mnene vipi.

Kazi niliipata kwa kusema kwetu ni Ujiji tangu mababu. Uongo mtupu. Baba alivuka kutoka Burundi akiwa kijana, akalima mihogo milimani juu ya Kagunga, baadaye akahamia Bangwe, jirani na Ujiji. Na miaka ile ya wakimbizi, kujulikana kuwa ni Mrundi niliona kungenitoa kazini.

Tulipopanda milima hiyohiyo, sehemu moja haikutupa hata nzi mmoja wa miti mizee. Bwana Misitu, msimamizi wa hifadhi, akasema wakimbizi ndio walioimaliza miti mikubwa. Tukiandika hivyo kwenye ripoti, atawapiga marufuku akina mama wakimbizi waliotua Kagunga wasiokote hata kuni kavu. Wangepikia nini? Nami nilijua fika: pale palikuwa shamba la baba. Nikasema hapa alilima mzee mmoja, sasa yuko Bangwe, na miti hii imeota baada ya yeye kuhama.

"Aje atuonyeshe," Bwana Mtafiti akasema.

Nikasingizia homa nisitumwe mimi, akatumwa mwendesha boti kumfuata. Baba alipofika, Bwana Mtafiti alimwamkia shikamoo. Mimi, mwanawe wa kumzaa, ulimi ukagoma. Baba alinitazama mara moja tu, akaelewa. Akanipa mkono kama mgeni.

"Habari za kazi, bwana?"

"Nzuri, mzee."

Akaparua majani makavu kwa mguu, yakaonekana matuta yake ya mihogo. Bwana Misitu akanywea, na akina mama wakaachiwa kuni zao. Nikaambiwa nimsindikize mzee hadi kwenye boti. Njiani nilianza kumwomba radhi, akanikatiza, akiniita mwanangu kwa Kirundi.

"Mwana wanje, kazi bado unayo?"

Nikasema ninayo. Akasema basi, imetosha.

Vijana mnaoshika wavu sasa huniuliza nilijuaje historia ya misitu kiasi kile. Huwa naona haya, nabadilisha mazungumzo. Siku ya kuniaga nilipostaafu, mshereheshaji aliomba wazazi wangu wasimame kama wapo. Baba alikuwa ameshakufa, na ukumbini hakuna aliyejua kwamba yule mzee wa Bangwe ndiye aliyenizaa.