Filimbi ya Papa

Mikono ya Papa, baba yangu, ilinuka mawese. Kila jioni aliipaka mafuta yaliyopashwa moto, akivuta kidole kimoja kimoja, maana vyote vilikuwa vimepinda. Alikuwa kipa huko Butembo miaka mingi, mpaka bega lilipokataa kuinuka. Ndipo tukahamia Beni, kwenye joto na vumbi la malori, akawa kocha wa vijana wa mtaa wetu. Vita vilikuwa vimefunga shule. Vijana walizurura tu, na wenye bunduki waliwatamani wawe wapiganaji wao. Papa aliapa kwamba vijana wake hawatawapata. Samaki mkunje angali mbichi, alisema, naye aliwakunja kwelikweli.

Shida ilikuwa majina. Sisi Wanande humwita mtoto kwa zamu aliyozaliwa, basi ukiita Kambale uwanjani, nusu ya timu inageuka. Papa akaachana na majina, akashika filimbi. Mlio mmoja mrefu ulimaanisha: acha unachofanya, njoo, simama kwenye nafasi yako, usiulize. Aliyechelewa alizungushwa uwanja hadi miguu ikamlegea. Kaka yangu Mumbere, kipa wao, hakuchelewa kamwe. Nilimwonea wivu, kwa sababu Papa akimtazama uso wake ulilainika, na mimi sikuwahi kutazamwa hivyo. “Asiyesikia la mkuu huvunjika guu,” alituhubiria mezani, hata sisi wasichana ambao hakutufundisha mpira.

Asubuhi moja watu wenye silaha walipita mtaani wakipora. Kambi yao ilitazama uwanja. Mazoezi yetu walikuwa wameyaona kila siku. Kwetu walibeba redio, kuku, na ile filimbi iliyoning'inia msumarini. Mama akashusha pumzi. “Tushukuru Mungu, habakubeba mutu,” alisema. Papa akaitikia kwamba filimbi tutapata ingine, kisha akaenda shamba kutafuta mihogo.

Mchana tulikuwa tunakula ugali kwa sombe, mboga ya majani ya mihogo, mlio mrefu ukasikika kutoka uwanjani. Mumbere aliruka na tonge mkononi, anacheka. “Papa ameipata!” Mama alimwambia amalize kula kwanza. “Mama, atanizungusha uwanja,” akajibu, akatoka mbio. Katika kila nyumba kijana alikuwa anatoka vilevile. Nilimfuata hadi pembeni ya uwanja, nikaona: mabeki nyuma, washambuliaji mbele, kaka yangu katikati ya milingoti, kila mmoja mahali pake, wananyamaza, wanangoja. Wale watu wenye silaha, mmoja wao akiwa na filimbi yetu mdomoni, hawakulazimika kumkimbiza hata mmoja. Waliwapakia kwenye lori, likashika barabara ya Eringeti.

Papa aliporudi na mihogo yake alikuta akina mama wamekaa chini uwanjani, wanalia. Hakuna aliyemlaumu, na nadhani hilo ndilo lililomuua polepole. Wachache walirudi baadaye, wakubwa, hawatazami mtu usoni. Mumbere hakurudi. Waliosikia la mkuu ndio waliovunjika, na hasira hiyo haijanitoka hata leo, ijapokuwa Papa tumeshamzika.

Sasa nina mtoto wa umri ule wa Mumbere, na huku kwetu bunduki hazijanyamaza. Nikimwita haji. Nikiita tena, anajibu, “Niko nakuja, mama,” naye hajainuka. Jirani yangu hunicheka: “Masika, mutoto wako hapana sikia mutu!” Anasema kweli. Nimemlea hivyo kwa makusudi.